Barabara Mpya na Shamba Lako: Jinsi Athari kwa Mazingira Zinavyopimwa

Leo hatutazungumzia mbegu wala mbolea. Tutazungumzia barabara. Utajiuliza, bwana shamba na barabara wapi na wapi? Jibu ni kwamba barabara inapopita kijijini, maji ya mvua hubadili njia, udongo huchimbwa, miti hukatwa na njia za mifugo hukatizwa. Hayo yote ni mambo ya shamba.

Hakuna mkulima asiyetaka barabara. Nyanya zinaozea shambani kwa sababu gari halifiki, na mama mjamzito anabebwa kwa machela. Kwa hiyo tusielewane vibaya. Shauri letu la leo si kupinga barabara. Tunataka ujue kwamba kabla ya kazi kuanza, sheria inataka uchunguzi ufanyike, na katika uchunguzi huo wewe una sauti.

Uchunguzi huo unaitwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Nchi ya kwanza kuuweka katika sheria ya taifa ni Marekani, ambako sheria yake ilitiwa saini tarehe 1 Januari 1970. Hapa Tanzania msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni zake za mwaka 2005 ambazo zilirekebishwa mwaka 2018. Sheria hiyo inasema mwenye mradi afanye tathmini kwa gharama yake mwenyewe, na aifanye kabla mradi haujaanza. Kwa barabara kuu mwenye mradi kwa kawaida ni Wakala wa Barabara, yaani TANROADS. Kwa barabara za vijijini na mijini ni TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017.

Sasa basi, kazi yenyewe inakwendaje? Tuichukue hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuandikisha mradi na kuuchuja. Si kila kazi ya barabara inahitaji uchunguzi mkubwa. Greda likija kuchonga barabara ile ile ya zamani, madhara yake ni madogo. Lakini barabara kuu mpya, au inayopita kwenye msitu, bonde la maji au hifadhi ya wanyama, lazima ichunguzwe kwa kina. Sheria ya mwaka 2004 ililipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kazi ya kusimamia uchunguzi huo.

Hatua ya pili ni kupanga nini kichunguzwe. Wataalamu walioandikishwa hupita njia inayokusudiwa na kuonana na viongozi na wananchi. Kisha huandika hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo watakayochunguza. Zingatia hapa, ndugu mkulima: jambo lisiloingia katika orodha hiyo ni vigumu kuingia baadaye. Kama kuna chemchemi inayotegemewa na kaya nyingi, itajwe wakati huu.

Hatua ya tatu ni kupima hali ilivyo kabla ya kazi. Mito iko wapi? Mvua inanyesha kiasi gani? Udongo ni wa namna gani? Watu wanalima nini, makaburi yako wapi, mifugo inakunywa wapi? Bila kujua hali ya mwanzo, hakuna atakayeweza kusema baadaye ni kipi kimeharibiwa na barabara na kipi kilikuwa kimeharibika tangu hapo.

Hatua ya nne ni kukadiria athari na kutafuta njia ya kuziepuka au kuzipunguza. Ripoti nzuri haielezi njia moja tu. Hulinganisha njia mbalimbali, na hueleza pia itakuwaje kama barabara haitajengwa kabisa.

Hatua ya tano ni kuipitia ripoti. Wataalamu wa idara mbalimbali huisoma na kuikosoa, na ikibidi huitishwa mkutano wa hadhara wa kusikiliza watu. Mradi ukikubaliwa hutolewa cheti chenye masharti. Hatua ya mwisho ni kufuatilia, wakati wa ujenzi na baada yake, kama masharti yanatimizwa.

Haya, tuje shambani. Jambo linaloumiza wakulima wengi katika kazi za barabara ni maji. Hebu tufanye hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Barabara ya lami yenye upana wa mita 7, kwa urefu wa kilomita moja, ina eneo la mita za mraba 7,000. Ikinyesha mvua ya milimita 50, lami hiyo itapokea lita 350,000. Hayo ni mapipa 1,750 ya lita 200. Zamani mvua hiyo ilianguka ardhini, na sehemu yake ikanywewa na udongo. Lami hainywi maji. Karibu yote hukimbilia mtaroni. Na mtaro wa upande wa mlima hupokea pia maji yanayoteremka kutoka mashamba ya juu, maana tuta la barabara limeyazuia kama bwawa.

Maji hayo yote yaliyokuwa yametawanyika sasa hupitishwa kwenye kalavati moja na kumwagwa mahali pamoja. Kama mahali hapo ni shamba lako, msimu wa kwanza utaona kijifereji, na usipokizuia kitageuka korongo. Kwa hiyo swali la kuwauliza wataalamu si moja tu, kwamba barabara itapita wapi. Waulize pia: kalavati zitakuwa ngapi, zitakaa wapi, na maji yakitoka hapo yatakwenda mpaka wapi? Mtaro unatakiwa kufikisha maji kwenye kijito au mahali salama, na pale yanapoangukia pajengwe kwa mawe ili kasi ipungue.

Jambo la pili ni mashimo ya kifusi. Tuta la barabara hujengwa kwa udongo na changarawe kutoka mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni jirani na mashamba. Shimo likiachwa wazi hutuama maji, mbu huzaliana humo, na watoto na mifugo wanaweza kuzama. Utaratibu mzuri ni huu: udongo wa juu wenye rutuba uondolewe kwanza na kuwekwa pembeni. Kazi ikiisha shimo lisawazishwe, udongo ule urudishwe, na mahali pale paoteshwe majani au miti. Wakati mwingine kijiji huomba shimo liachwe kama lambo la mifugo. Hilo linawezekana, lakini likubaliwe kwa maandishi, na kingo zilazwe ili ng'ombe aingie na kutoka.

Jambo la tatu ni kuchanganya mambo mawili. Watu wengi wakisikia wataalamu wa barabara wamefika, hufikiri ni mambo ya fidia tu. Uthamini wa mali kwa ajili ya fidia na tathmini ya athari kwa mazingira ni kazi mbili tofauti, ingawa zinahusiana. Mthamini anahesabu migomba yako na nyumba yako iliyo ndani ya eneo la barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake ziliweka eneo la mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Lakini maji ya kalavati hayasimami kwenye mita 30. Anayeweza kuumia ni jirani aliye mita 200 chini, ambaye hayumo katika orodha ya fidia hata kidogo. Mtu huyo nafasi yake ya kusikilizwa iko katika tathmini ya mazingira. Akikaa kimya kwa kuwa shamba lake halikuguswa, atakuja kulia peke yake.

Pengine utasema, haya ni maneno ya kitabuni tu, nani atamsikiliza mkulima? Tazama mifano miwili. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Ilijengwa zamani kabla ya sheria hizi, na hadi leo wanyama wanagongwa, ikabidi kuwekwa matuta na kupunguza mwendo wa magari. Mfano wa pili ni Serengeti. Ulikuwapo mpango wa barabara ya kupita kaskazini ya hifadhi, mahali nyumbu zaidi ya milioni moja wanapohama. Watu wa Loliondo na Mugumu walikuwa na haja ya kweli ya barabara. Shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha, na mwezi Juni 2014 ikazuia kujengwa kwa barabara ya lami ndani ya hifadhi. Hoja ya athari, ikitolewa kwa ushahidi, ina uzito hata mbele ya mradi mkubwa.

Basi ufanye nini wataalamu wakifika kijijini kwako?

Kwanza, hudhuria mkutano, na akina mama nao wahudhurie na waseme. Wao ndio wanaojua kisima kipi hukauka na kipi hakikauki.

Pili, nendeni nao mkawaonyeshe kwa macho. Waonyesheni alama ya maji ya mafuriko kwenye mti au ukuta, na mtaje ni mwaka gani. Mtaalamu aliyekuja kiangazi hawezi kuiona masika.

Tatu, mwombeni mtendaji wa kijiji aandike maoni katika muhtasari wa mkutano, na kijiji kibaki na nakala yake.

Nne, ombeni muhtasari wa ripoti kwa Kiswahili. Kanuni za mwaka 2005 zinataka muhtasari usio wa kitaalamu uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Usomeni mkutanoni mwone kama chemchemi yenu imo.

Tano, cheti kikitoka, ulizeni masharti yake. Mkandarasi akiyavunja, toeni taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji na ya wilaya, kabla mitambo haijaondoka. Mkandarasi akishahama, kumrudisha kuziba shimo moja ni kazi kubwa.

Ndugu mkulima, kuhamisha kalavati kwenye karatasi ni kazi ya kalamu na kifutio. Kuihamisha ikishajengwa ni kazi ya fedha nyingi. Semeni mapema. Kwa leo tunaishia hapo. Kipindi kijacho tutaeleza jinsi ya kuziba korongo dogo kwa mawe na majani ya matete. Kazi njema.