Motisha Kazini: Somo Kutoka Nakawa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza hoja ya mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, aliyechapisha mwaka 1959 matokeo ya mahojiano yake na wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh. Alidai kuwa mshahara mdogo humkera mfanyakazi, ila mshahara mkubwa peke yake haumtii hamu ya kazi. Msomaji wa Kampala ana haki ya kuguna. Kima cha chini cha mshahara nchini kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kukirekebisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukupata saini ya Rais. Mtu ambaye nauli ya bodaboda inammaliza kabla mwezi haujafika katikati atasema hayo ni maneno ya walioshiba. Pingamizi hilo ni zito, na jibu lake tunalo hapa hapa mjini.

Mwaka 1991 serikali iliunda Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, yenye makao makuu Nakawa, na ikawalipa watumishi wake mara kadhaa ya mshahara wa mtumishi wa kawaida wa serikali. Iliaminika kwamba anayelipwa vizuri hataomba rushwa na atajituma. Mwanzoni ikawa hivyo. Makusanyo ya kodi yaliyokuwa kama asilimia 7 ya pato la taifa yalifika karibu asilimia 12 katikati ya miaka ya 1990. Baadaye yakakwama, na tuhuma za rushwa zikazidi hadi mwaka 2002 ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Julia Sebutinde. Mtafiti wa Norway, Odd-Helge Fjeldstad, aliyeichunguza mamlaka hiyo kwa karibu, alitaja mambo ambayo meneja yeyote anapaswa kuyatafakari. Mishahara ile iliachwa bila kuongezwa kwa miaka kadhaa huku bei za vitu zikipanda. Kisha ukoo: aliyepata kazi URA alitazamiwa awasomeshe wadogo zake, agharimie misiba, awatafutie kazi binamu zake, hivyo pato lilivyokua na madai nayo yalikua. Tena watumishi waliona vyeo na vituo vya kazi vikigawanywa kwa kujuana. Mtu asiyejua kama kesho atakuwa bado mezani pake ana kila sababu ya kuchuma leo.

Je, basi mshahara si kitu? Hapana, ule uliokuja mwaka 1991 ulifanya kazi yake, na anayeutumia mfano huu kuwabana watu wake ameusoma vibaya. Ninachosema ni kwamba fedha humsukuma mtu pale anapoamini kuwa mgawo wake ni wa haki. Ushahidi wa karibu zaidi ni wa mwaka 2022, serikali ilipoamua kuwalipa walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwezi Juni walimu wa masomo ya sanaa waligoma. Mishahara yao haikupunguzwa hata shilingi moja, lakini walikuwa wanafundisha watoto wale wale, katika shule ile ile, na mwenzao wa chumba cha walimu sasa anawazidi maradufu na zaidi. Watetezi wa uamuzi huo husema nchi inahitaji wanasayansi. Huenda ni kweli, ila hitaji la nchi halimwambii mwalimu wa historia kwa nini jasho lake lina thamani ndogo hivyo, na mwalimu aliyevunjika moyo ataingia darasani kutimiza ratiba tu.

Meneja wa kampuni ndogo ya Ntinda, au mwenye duka la jumla Kikuubo, hana uwezo wa kupanga mishahara kwa amri ya serikali. Lakini ana uwezo wa kulipa tarehe aliyoahidi. Ana uwezo wa kupeleka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ile asilimia 5 anayomkata mfanyakazi pamoja na asilimia 10 yake mwenyewe, kwa kuwa siku mtunza stoo atakapoulizia akiba yake na kukuta miezi mitupu, hakuna hotuba wala karamu ya Krismasi itakayomrudishia imani. Nafasi ya usimamizi ikitokea, aeleze mapema vigezo vyake, na asiyeipata aambiwe sababu ana kwa ana. Wapo watakaosema ukweli wa namna hiyo utazua malalamiko. Utayazua, naam, na meneja atayasikia ofisini kwake badala ya kuyaona kwenye hesabu za stoo.

Sehemu ya tatu itahusu adhabu: kwa nini baadhi ya mabosi huiamini hofu, na inawapeleka umbali gani.