Chupa nne ndani ya magazeti

Wiki hii naomba tupumzike kidogo na bei ya sangara. Nataka tuzungumze juu ya mvinyo. Najua wapo watakaoguna, lakini nivumilie.

Sisi ni watu wazima watano tunaokutana barazani kwangu Kirumba kila mwisho wa mwezi. Yumo mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Dodoma. Yumo fundi wa injini za boti, na mama mmoja mwenye meza ya samaki pale Mwaloni ambaye sote twamwita Dada Mkubwa. Wa tano ni jirani yangu, Mwislamu, anayekunywa ukwaju wake na kutucheka. Miaka yote tulikuwa watu wa bia. Kilichotuingiza kwenye mvinyo ni ubishi. Fundi alitamka kwamba mvinyo wa Dodoma ni sharubati ya harusini tu. Mwalimu akanuna. Baadaye ndipo tulipojua kuwa mama yake mzazi analima zabibu, na kwamba ada yake ya shule ilitoka humo.

Basi tukakubaliana: kila mnywaji alete chupa yake, jirani azivishe magazeti na kuzipa namba, na tuonje kidogo kidogo bila kujua tunachokunywa. Tena tule kitu, maana tumbo tupu halina ushahidi.

Namba moja ulikuwa mwekundu mtamu, ule tuliouzoea. Namba mbili ukatukunja nyuso. Fundi akauliza kama umechacha. La, haukuchacha; ulikuwa mkavu. Ukavu wa mvinyo maana yake ni kwamba hamira imekula karibu sukari yote ya zabibu na kuigeuza kilevi. Kinachobaki mdomoni ni ukali na ule ukakasi unaoujua ukitafuna ndizi mbichi au ukinywa chai ya rangi iliyochemka mno. Ukakasi huo hutoka kwenye maganda na kokwa. Rangi nayo hutoka kwenye maganda, kwa kuwa maji ya zabibu nyingi, hata nyeusi, ni meupe. Ukiyaacha yachachuke pamoja na maganda unapata mwekundu; ukiyakamua na kuyatenga mapema unapata mweupe. Dada Mkubwa aliurudia ule namba mbili pamoja na kipande cha nyama ya kuchoma, akasema, "Kumbe huu unataka mafuta."

Namba tatu ulikuwa mweupe mkavu, umepoa vizuri. Peke yake haukumfurahisha mtu. Lakini sato alipotoka jikoni na ndimu yake, chupa ikaisha kabla ya samaki.

Namba nne ndio ulioleta balaa. Ulinuka kama matunda yaliyochemshwa yakasahauliwa jikoni. Mwalimu, aliyekuwa mkali kuliko sisi sote, akatoa hukumu: "Huu umekufa."

Magazeti yakafunguliwa. Namba mbili, tulioupa nafasi ya kwanza, ulitoka Afrika Kusini. Namba tatu, ulioshika nafasi ya pili, ulikuwa wa Dodoma. Namba moja ulikuwa wa Dodoma vilevile. Na namba nne ulikuwa wa Dodoma pia, mwekundu mkavu, na aliyeuleta ni mwalimu mwenyewe. Hakuna aliyecheka, hata fundi.

Kesho yake nilifuatana naye hadi duka aliponunua, hapa hapa mjini. Chupa zilikuwa zimepangwa dirishani, zimesimama wima, zinapigwa na jua la jioni. Mwenye duka akatuambia, "Mzee, hii ni pombe, haiozi." Hapo ndipo penye kosa. Joto huupika mvinyo ndani ya chupa, na kizibo cha gome kikikauka kwa kusimama muda mrefu hupitisha hewa, nayo hewa humalizia kazi. Mvinyo hutaka kivuli, mahali pasipo joto, na chupa ya kizibo cha gome hulazwa. Hata mwekundu, katika joto la Mwanza, si dhambi kuuweka kwenye friji nusu saa.

Jambo hili halikomei kwenye ulimi. Mizabibu iliingia Dodoma na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima huupogoa na kuvuna mara mbili, mnamo Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Ni neema, lakini ni neema yenye haraka. Zabibu iliyoiva haingoji mnunuzi kama mtama ghalani. Mtu wa Mwanza akinywa chupa iliyopikwa na jua la dirishani, hamlaumu mwenye duka. Hulaumu Dodoma, wala hanunui tena. Na huko nyuma, msimu mwingine unaiva.

Mwalimu ameshampigia mama yake simu. Chupa ya mwezi huu itakuja kwa basi, ndani ya boksi chini ya kiti, mbali na injini. Dada Mkubwa ameahidi sato wa kilo mbili. Jirani yangu naye ameomba safari hii ukwaju wake uvishwe gazeti na upewe namba tano.