Rangi za Ndani ya Gari Kuukuu: Tufuate Jicho au Sayansi?

Tuchukue mfano. Gari kuukuu aina ya Land Rover Series III limekaa miaka mingi chini ya mkaratusi huko Pito, karibu na mji wa Sumbawanga. Mwenyewe ameazimia kulirudisha katika hali yake ya awali. Injini imekwisha kufunguliwa na kufungwa upya, na kutu imekwanguliwa katika fremu ya chuma. Bodi, kwa kuwa ni ya aloi ya alumini, haikuliwa na kutu. Sasa fundi wa viti anauliza swali linaloonekana dogo: "Ndani tuweke rangi gani?"

Watu wengi hulijibu kwa kutazama vipande vya vitambaa dukani na kuchagua kinachopendeza. Lakini rangi iliyochaguliwa hivyo yaweza kupauka baada ya misimu michache, kuunguza mapaja ya abiria, au, jambo lililo baya zaidi, kumfumba macho dereva barabarani. Ni vyema basi tujiulize sayansi inatufundisha nini.

Gari lenyewe liulizwe kwanza

Magari ya Land Rover yalioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Aina ya Series III ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na aghalabu viti vyake vilikuwa vyeusi, vya plastiki iliyofanana na ngozi. Hata hivyo, gari lililopita mikononi mwa watu wengi huenda lilikwisha kubadilishwa viti mara kadhaa. Ushahidi hutafutwa mahali ambapo jua halikufika: ndani ya mishono, chini ya mto wa kiti, nyuma ya bamba la kitasa cha mlango. Kipande kitakachopatikana hapo kikatwe na kuhifadhiwa katika bahasha kabla fundi hajang'oa chochote. Kikishatupwa, historia hiyo haipatikani tena.

Baridi inayodanganya

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na Sumbawanga iko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai watu huvaa makoti. Kwa sababu hiyo mtu aweza kudhani kwamba jua la huku ni pole kuliko la Dar es Salaam. Sivyo. Kwa kila mita 1,000 tunazopanda, nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10, kwa kuwa hewa iliyo juu yetu imepungua. Hewa ni ya baridi, lakini miale ni mikali. Zaidi ya hayo, katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini, na wakati huo mvua kwa kawaida bado hazijaanza kwa nguvu.

Kwa nini rangi hupauka?

Rangi nyingi za vitambaa ni molekuli za kaboni zilizoungana kwa namna inayoziwezesha kufyonza sehemu fulani ya mwanga. Miale ya urujuanimno ina nishati ya kutosha kuvunja miungano hiyo, na molekuli iliyovunjika haifyonzi tena mwanga kama zamani. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale iliyo mikali zaidi, lakini hupitisha sehemu ya ile iliyobaki. Ndiyo maana nguo nyekundu inayoning'inia dirishani hupauka.

Sasa tutazame udongo mwekundu wa barabarani. Huo umepigwa na jua tangu enzi za mababu, wala haukupauka. Wekundu wake hutokana na oksidi ya chuma, yaani muungano wa chuma na oksijeni uliokwisha kutulia. Wafipa wa kale, waliojenga matanuu marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, waliyafahamu vyema mawe yenye madini ya chuma. Rangi za kahawia zilizotengenezwa kwa oksidi hiyo hustahimili jua, na kadhalika nyeusi ya masizi ya kaboni. Mnunuzi asiulize "rangi gani?" tu, bali pia "imetengenezwa kwa nini?"

Nyeusi ina pande mbili

Masizi ya kaboni huikinga plastiki isiharibiwe upesi na miale, lakini nyeusi hiyo hiyo hufyonza joto. Jua la adhuhuri huleta nishati ya kadiri ya wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Tuseme robo ya mita ya mraba ya kiti inapigwa na jua moja kwa moja. Kiti cheusi kinachofyonza sehemu tisa za kumi hupokea wati 225. Cha rangi ya mchanga kinachofyonza sehemu nne za kumi hupokea wati 100 tu. Tofauti hiyo huhisiwa mara mtu anapoketi.

Dashibodi, hata hivyo, ina kanuni yake. Kila uso wa kioo huakisi kadiri ya asilimia 4 ya mwanga unaokiangukia wima, na kioo kina nyuso mbili. Dashibodi nyeupe hutupa taswira yake katika kioo cha mbele, na dereva huona ukungu mbele ya barabara. Mtoto anayevuka aweza kupotea katika ukungu huo. Kwa hiyo sehemu ya juu ya dashibodi iwe ya rangi nzito isiyong'aa, hata kama viti ni vya rangi hafifu.

Jaribio la darasani

Kata vipande vya vitambaa vya rangi mbalimbali. Funika nusu ya kila kipande kwa karatasi nene, kisha vibandike kwenye dirisha lipigwalo na jua kuanzia Mei hadi Oktoba. Linganisha nusu hizo kila mwezi. Ulinganisho ufanywe kivulini mchana, kisha chini ya taa usiku, kwani rangi mbili zinazofanana katika mwanga mmoja huweza kutofautiana katika mwanga mwingine. Pia weka vipimajoto viwili juani, kimoja chini ya kitambaa cheusi na kingine chini ya cheupe, usome baada ya dakika 15.

Turudi Pito. Ikiwa gari hilo litatunzwa kama kumbukumbu na kuegeshwa kivulini, viti virudishiwe weusi wake wa asili. Ikiwa litabeba watu kila siku, viti vya kahawia hafifu iliyotokana na oksidi ya chuma vitafaa zaidi, dashibodi ibaki nyeusi, na kipande cha asili kibaki katika bahasha. Atakayelifufua tena baada ya miaka hamsini atakihitaji.