Kipaimara Si Mwisho wa Masomo

Wengi wetu tulipokwisha kuwekewa mikono na Askofu tulifunga katekisimo, tukadhani masomo yamekwisha. Watoto wetu wakituuliza juu ya imani, twawaambia, "Kamwulizeni kasisi."

Ndugu zetu wa Kanisa la Maaskofu huko Marekani waliliona jambo hili. Mwaka 1975 chuo chao kikuu kilichoko Sewanee, Tennessee, kilianzisha masomo ya miaka minne kwa watu wazima: mwaka wa kwanza Agano la Kale, wa pili Agano Jipya, wa tatu historia ya Kanisa, wa nne theolojia. Hukutana katika vikundi vidogo, husali pamoja, kisha huyapima mambo ya kazini na nyumbani kwa Neno la Mungu. Nia si kuwafanya makasisi, bali kuwasaidia kuzitimiza ahadi za ubatizo wao.

Hata Apolo, aliyeyajua sana Maandiko, alikubali kufundishwa zaidi na Prisila na Akila, washona mahema (Matendo 18). Sisi ni nani hata tukatae? Juma hili tumtafute jirani mmoja, tufungue Biblia pamoja.

Mungu awabariki.