Korea wanalipa, lakini lugha kwanza!

Jamani, siku hizi kila kijiwe kina mtu anayejua mastaa wa tamthilia za Kikorea kuliko majina ya shangazi zake. Poa. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba Wakorea wenyewe wako tayari kukulipia ukasome kwao?

Ufadhili wa serikali yao unaitwa Global Korea Scholarship, kwa kifupi GKS. Tiketi ya ndege, ada, posho ya kila mwezi, vyote juu yao. Kwa digrii ya kwanza uwe hujafika miaka 25, na maksi za sekondari ziwe za nguvu, asilimia 80 hivi. Hapo masela wengi tunabaki chini tukilitazama pipa likipaa!

Kasheshe yenyewe ni lugha. Mwaka wa kwanza unapiga Kikorea tu, halafu mtihani wa TOPIK, wenye madaraja 6. Bila daraja la 3 digrii huianzi. Mwenye la 5 tayari, mwaka huo anauruka. Kwa hiyo anza sasa, mtu wangu. Herufi zao, Hangul, ni 24 tu. Mfalme Sejong alizitangaza mwaka 1446 ili hata mtu wa kawaida asome. Herufi utazimeza haraka, sarufi ndiyo itakutoa jasho.

Unaomba kupitia ubalozi au chuo, njia moja tu. Ukituma kote kote wanakutupa nje. Na yule kaka anayekuuzia fomu kwa laki mbili? Fomu haiuzwi, mwambie apite hivi.