Njoo na Sweta

Kuanzia mwezi wa tano simu yangu haipumziki. Watu wanapanga likizo, na kwa kuwa kazi yangu ni kutembeza wageni milimani, swali linakuja kwangu: "Kaka, huko Lushoto nije na nini?" Anayepiga kutoka Dar es Salaam namjibu kwa neno moja: sweta. Anayepiga kutoka Oslo au Toronto, mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa huko na sasa anakuja kumwona bibi yake kwa mara ya kwanza, namjibu neno hilo hilo, naye huangua kicheko. Anadhani namtania. Ameshatazama ramani akaona Lushoto iko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, ameshanunua kaptula na kofia ya pama, halafu mtu anamletea habari za sweta.

Joto lipo, simbishii. Liko Mombo, pale barabara ya kwenda Moshi inapoachana na ya kupanda kwetu. Lakini Mombo iko mita 400 na ushei kutoka usawa wa bahari, na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzijoto 6 au karibu na hapo, kwa sababu hewa inayopanda hutanuka, na ikitanuka inapoteza joto. Kwa hiyo ndani ya kilomita 33 hivi za kona, ukipitia Soni penye maporomoko, umebadili nchi bila kuonyesha pasipoti. Ukiendelea mpaka juu kwenye msitu wa Magamba umeshavuka mita 2,000. Kati ya Juni na Agosti usiku wa Lushoto huweza kushuka hadi karibu na nyuzi 10, na asubuhi ukungu umelala mpaka mlangoni. Wajerumani walilijua hili mapema. Mji wakauita Wilhelmstal, wakaufanya mahali pa kukimbilia joto la pwani.

Ndiyo maana kabla mtu hajafungua kabati namtaka ajibu mambo mawili: utalala wapi, bondeni au mlimani, na utakuja mwezi gani. "Nchi ya joto" peke yake haimsaidii mtu kupanga begi.

Na hilo sweta lisiingie kwenye begi kubwa. Watu wengi wanalibeba, ila wanalibeba mahali pabaya. Julai moja nilikuwa stendi jioni basi likaingia kutoka Dar. Wakashuka baba, mama na mtoto wa miaka kama minne, baba na fulana ya mikono mifupi, mama amemfunga mtoto kwenye khanga mpaka kichwani. Masweta yao yote yalikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa ndani ya buti. Konda akaanza kutoa: gunia la sukari, ndoo mbili za rangi, godoro lililokunjwa, kreti za soda, mabati, godoro la pili. Begi lao lilikuwa limepakiwa mwanzo, huko Mbezi, kwa hiyo lilitoka mwisho. Baba alibaki anaruka ruka kama anapasha misuli. Weka sweta kwenye begi la mkononi pamoja na dawa zako na hati zako, na ulivae Soni, usingoje Lushoto.

Nguo nyingine ziwe nyepesi za kuvaa moja juu ya nyingine: fulana, shati la mikono mirefu, sweta, na juu yake koti jepesi la mvua. Saa sita mchana ukipanda kwenda Irente utavua zote mpaka fulana. Saa kumi na mbili jioni utazirudisha zote. Jinzi mimi nazikataa. Ikilowa mvua ya Magamba inakuwa nzito, na ukiifua wakati wa baridi unaweza kukaa siku mbili tatu unaibonyeza kiunoni kuona kama imekauka. Suruali ya kitambaa chepesi inakauka kwa upepo. Taulo kubwa nalo liache nyumbani. Khanga inatosha kujifutia, kujifunika ndani ya basi, kutandika juu ya shuka usiyoiamini, na kujitanda unapopita kijijini au unapoingia kwenye nyumba ya wazee. Huku ni kwa Waislamu na Walutheri, watu wa staha. Kaptula haitakufukuzisha, lakini salamu utakazopata zitakuwa fupi.

Ukisahau koti, usihangaike. Soko la Lushoto lina mitumba, na wauzaji wanaijua baridi yao: sweta za sufu na makoti yenye manyoya ndani, yote yamemwagwa juu ya turubai. Dada mmoja aliyekuja kutoka Norway aliliacha koti lake kule, kwa kuwa anakuja Afrika, akanunua la mtumba hapa siku ya pili. Alipogeuza kola kusoma lebo, ikawa imeandikwa Kinorwe. Tulicheka mpaka muuzaji akadhani tunaidharau bidhaa yake, akapunguza bei.

Viatu ndivyo ninavyovikagua kwanza, kuliko hata begi. Udongo wetu ni mwekundu na mfinyanzi, na mvua ikinyesha njia za kati ya mashamba ya kabichi zinateleza mno. Raba yenye soli iliyolika inafaa kwa lami tu. Leta kiatu chenye meno, ulichokwisha kukivaa walau mwezi mzima. Kiatu kipya kinawaletea watu malengelenge kabla hawajafika hata kijiji cha Rangwi, na mbele bado kuna cha Mtae. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, ila mlimani mvua haifuati kalenda sana. Wakati wa masika mabuti ya mpira ndiyo yanayovaliwa na wenyeji, na yanauzwa hapa hapa. Soksi ziwe ndefu. Msituni utakutana na msafara wa siafu ukikatiza njia, na ukishaingiza suruali ndani ya soksi unaruka tu na kuendelea. Usipofanya hivyo utavua suruali mbele ya wageni wenzako.

Sasa malaria, na hapa sifanyi mzaha. Ni kweli huku juu mbu wa malaria ni wachache. Kimelea anahitaji joto ili akomae ndani ya mbu. Hewa ikiwa chini ya nyuzi 16 hivi hakomai. Kwa sababu hiyo wageni husikia "Lushoto hakuna malaria", wakaacha chandarua na dawa. Wanasahau kwamba wamelala Korogwe au Tanga njiani, na kwamba wakitoka kwetu wanaelekea Pangani kuogelea. Mtu anaumwa na mbu bondeni leo, homa inampata baada ya wiki moja au zaidi, akiwa mlimani au ameshapanda ndege kurudi alikotoka. Dawa za kukinga zinaanzwa kabla ya safari na kuendelea baada ya kurudi, na kila aina ina siku zake, kwa hiyo muulize daktari mapema.

Maneno haya ni makali zaidi kwa ndugu zetu wa ughaibuni. Mgeni Mzungu humeza dawa zake kwa utiifu. Anayenipa shida ni yule anayeniambia, "Aah, mimi mzaliwa wa Muheza bwana, malaria nimeizoea." Mwili unaizoea malaria kwa kuumwa mara kwa mara. Ukikaa Ulaya miaka mingi kinga hiyo inapungua sana, na mtoto aliyezaliwa huko hana kabisa, hata kama jina lake ni Shekilindi au Shemdoe. Apewe dawa, alale kwenye chandarua akiwa bondeni, na akipata homa apimwe siku hiyo hiyo. Homa ikitokea mkiwa mmesharudi, hata baada ya miezi, mwambieni daktari wa huko mlitoka wapi. Asipoambiwa anaweza kudhani ni mafua.

Jua nalo linahadaa. Kwa kuwa hewa ni baridi, mtu hahisi kwamba anaungua. Kila mita 1,000 unazopanda, mionzi mikali ya jua huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Hiyo kofia ya pama basi ije.

Kuna vitu vya kuviacha. Nguo zenye mabakamabaka ya kijeshi, hata kama zinauzwa dukani kwenu kama fasheni, usizipakie: raia haruhusiwi kuzivaa Tanzania, na Agosti 2023 jeshi letu lilitoa siku 7 watu wazisalimishe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Ile midogo ya kufunga kwa zipu, unayowekea mswaki na sabuni, inaruhusiwa alimradi urudi nayo. Pipi za kugawia watoto njiani pia naziomba zibaki. Zinawafundisha watoto kukimbia nyuma ya magari kwenye barabara yenye kona, na tunaobaki nao ukishaondoka ni sisi.

Umeme ni volti 230, soketi ni za matundu matatu ya pini bapa kama za Uingereza. Hukatika. Tochi ya kichwani inashinda ya simu, kwa kuwa chooni usiku unahitaji mikono miwili. Noti ndogo ndogo zichukue Lushoto mjini penye benki; kule vijijini muuza chai hana chenji ya elfu kumi.

Begi lenyewe. Mmisionari Krapf alipopanda kwenda Vuga kumwona mfalme wa huku, Kimweri, mwaka 1848, na wapelelezi Burton na Speke walipomwendea mfalme huyo mwaka 1857, mizigo ilikuwa juu ya wapagazi. Wewe utabeba mwenyewe, au itabebwa na bodaboda. Sanduku la magurudumu ni zuri uwanja wa ndege. Kwenye njia ya mawe ya Mtae magurudumu yanakuwa mzigo wa ziada. Kipimo changu ni pikipiki: begi likae kati yako na dereva bila kukusukuma nje ya kiti. Lisipotosha hapo, toa kitu. Mara nyingi kinachozidi ni zawadi za ndugu, najua, na hizo hazitolewi. Basi ziwe na begi lake, uliache kwa bibi siku ya kwanza, na urudi nalo likiwa tupu.

Utalihitaji. Irente kuna jibini na jemu, Soni kuna peasi, na ukija karibu na mwaka mpya kuna plamu kila kona. Mimea usichukue. Mwaka 1892 Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau kutoka milima hii. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, na leo liko kwenye madirisha ya watu duniani kote, wakati ndugu zake wa porini wanazidi kupungua kadiri misitu inavyokatwa. Tena ukikamatwa uwanja wa ndege na mche usio na cheti cha afya ya mimea, utauacha hapo hapo.

Plamu chagua zile ambazo bado ngumu, zitandike kwenye kikapu na uzipakate. Ukizitia kwenye buti, konda ataweka godoro juu yake, na ukifika Chalinze utakuwa umebeba jemu ambayo hukulipia.