Walimteka mama ambaye hawakumtafuta

Wiki hii tunawaletea habari ya zamani ya Uingereza, kwa sababu inagusa woga tunaoujua hata huku kwetu.

Jioni ya tarehe 29 Desemba 1969, Alick McKay, mkubwa katika kampuni ya gazeti News of the World, alirudi nyumbani kwake Wimbledon, London. Mke wake Muriel, mama wa miaka 55, hakuwepo. Simu ilikuwa imeng'olewa, na vitu vya mkoba wake vimetapakaa kwenye ngazi. Simu ilipotengenezwa, usiku huohuo mtu akapiga: leteni pauni milioni moja, la sivyo tutamuua.

Kumbe watekaji walikosea. Waliona gari la fahari la Rupert Murdoch, mwenye gazeti, wakalifuata mpaka nyumbani. Hawakujua kwamba Murdoch amesafiri na kumwachia McKay gari hilo. Walimtaka mke wa Murdoch.

Habari zilipojaa katika magazeti na televisheni, walaghai nao wakaanza kupiga simu. Familia ikashindwa kujua nani anasema kweli. Barua za Muriel zilifika akiomba aokolewe, lakini hawakupata alama ya kuaminika kwamba yuko hai. Februari 1970 polisi waliwakamata ndugu wawili, Arthur na Nizamodeen Hosein, shambani kwao. Walihukumiwa kifungo cha maisha. Mwili wa Muriel haukuonekana. Mwaka 2024 polisi walichimba tena shamba hilo, wasipate kitu. Watoto wake wamezeeka bila kaburi la mama yao.

Huku Kivu ya Kaskazini, barabara ya Rutshuru imetufundisha kwamba hawatekwi wake wa matajiri tu. Mama anayetoka shambani na kitunga chake naye hutekwa, na familia inabaki na deni.

Basi tusitangaze sokoni safari ya bwana wala pesa ya likelemba. Jirani akitekwa, tusisambaze habari kwa simu: twende tukae na familia, tupike, tuangalie watoto. Mtu mmoja tu ajibu watekaji. Na leo jioni, kila nyumba ichague swali moja ambalo jibu lake linajulikana na watu wa nyumba peke yao. Siku ya shida, jibu hilo litawaambia kama mpendwa wenu angali hai.